Ng'ombe na Tango: Uhakiki wa Maandishi Kuhusu Ibada ya Kila Siku na Uhusiano wa Mtu na Miungu Sudani Kusini

Ikisiri

Makala haya yanahakiki jinsi ibada ya kila siku ya watu wa Sudani Kusini ilivyosomwa katika vitabu vitatu: Nuer Religion cha E. E. Evans-Pritchard (1956), Divinity and Experience cha Godfrey Lienhardt (1961) na African Religions in Western Scholarship cha Okot p'Bitek (1970). Inadaiwa hapa kwamba vitabu hivi, ingawa vinapingana, vimewaachia wasomaji swali moja: watu hawa wanaamini nini? Swali hilo limefunika swali lingine ambalo ushahidi wa vitabu hivyo hivyo unalidai: mtu anaishi vipi na miungu yake siku hadi siku? Makala yanaonyesha kuwa kosa hili la usomaji linajirudia katika sera na katika msamiati wa Kiswahili, na kwamba mji wa Juba ni mahali ambapo gharama yake inaonekana wazi.

1. Utangulizi

Katika Nuer Religion, Evans-Pritchard anasimulia jambo dogo ambalo limekuwa maarufu kuliko mambo mengi makubwa yaliyomo kitabuni. Mnuer ambaye shida yake haijafikia kiwango cha kuchinja, au ambaye hana mnyama wa kutoa, huweza kuchukua tango la mwituni, akaliwekea nia, akaliombea na kulipasua kama ambavyo angemchoma mnyama mkuki. Nusu ya kushoto hutupwa pamoja na ubaya. Nusu ya kulia huwekwa. Katika tendo hilo tango huitwa ng'ombe. Mwandishi anaongeza tahadhari muhimu: Wanuer husema tango ni ng'ombe, lakini hawasemi ng'ombe ni tango.

Wanafalsafa na wanaanthropolojia wameijadili sentensi hiyo kwa zaidi ya nusu karne. Wameuliza kama ni fumbo, kama ni sitiari, kama ni kosa la mantiki. Ni wachache waliouliza maswali yaliyo karibu zaidi na mtu mwenyewe: anayepasua tango anazungumza na nani? Amekuwa akizungumza naye tangu lini? Na kesho, shida ikirudi, atamwambia nini?

Katika makala haya, ng'ombe na tango vinatumika kama majina ya aina mbili za ibada. Ng'ombe ni ibada kubwa: kafara ya hadhara, nabii, mfalme wa mvua, mazishi ya kiongozi. Tango ni ibada ndogo: tone la maji, chembe ya tumbaku, jina linalotajwa kabla ya safari, majivu yanayopakwa mgongoni mwa mnyama. Dai letu ni kwamba wasomi wametazama ng'ombe na wakalipita tango, na watunga sera wakawafuata. Kwa kufanya hivyo, wote wamekosa mahali ambapo uhusiano wa mtu na miungu unatunzwa, unajaribiwa, na wakati mwingine unavunjwa.

2. Evans-Pritchard: ushahidi unaomzidi mwandishi

Ni haki kuanza na nguvu za kitabu. Mapema kabisa Evans-Pritchard anakiri kwamba lugha ya Kinuer haina neno linaloweza kusimama mahali pa usemi wa "naamini". Lipo neno ngath, lenye maana iliyo karibu na kutegemea na kutumaini. Mtu hutegemea kile ambacho tayari anakijua kuwa kipo, kama anavyomtegemea baba au rafiki. Kwa maneno mengine, Mnuer hakuwa na swali la kuwapo au kutokuwapo kwa Kwoth. Swali lake lilikuwa la mwenendo: Kwoth ananitendea vipi, nami ninamtendea vipi?

Lugha ya sala iliyonakiliwa kitabuni inathibitisha jambo hili. Kwoth, neno linalohusiana na pumzi na upepo, huitwa baba na babu. Wanaoomba hujilinganisha na sisimizi mbele yake, yaani viumbe wadogo wasioelewa mambo ya aliye juu yao. Msamiati huu ni wa ukoo na wa heshima. Unaeleza nafasi ya kila mmoja katika mazungumzo kabla ya kueleza sifa zozote za Mungu.

Hata hivyo, baada ya kuukusanya ushahidi huu, Evans-Pritchard anageukia kazi nyingine. Anataka kupatanisha Kwoth mmoja na roho nyingi zinazotajwa katika nyumba na koo mbalimbali, naye anapendekeza picha ya mwanga unaogawanyika: roho nyingi ni miale ya nuru moja inapopita katika makundi ya jamii. Picha hii ni nzuri, na imewasaidia wengi kuacha dharau waliyokuwa nayo kwa dini za Waniloti. Lakini ina kasoro. Mwale hauzungumzi wala haudai. Roho ya ukoo iliyokasirika kwa sababu imesahauliwa kwa miaka mitatu haiwezi kuelezwa kikamilifu kama mwale. Mama anayejua kuwa amechelewesha haki ya roho hiyo anajua pia kwamba ana deni, na deni humhusu mtu fulani kwa mtu fulani.

Mwandishi alikuwa amejiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1944, miaka kumi na miwili kabla ya kitabu kuchapishwa, na wahakiki wengi wameliona hilo katika mpangilio wa kitabu chake. Uhakiki wetu hauhusu imani yake. Unahusu uamuzi wake wa kupima dini kwa theolojia, yaani kwa fundisho kuhusu Mungu, wakati ushahidi wake mwenyewe ulikuwa wa adabu: namna ya kuongea, kutoa, kuomba radhi na kungoja.

3. Lienhardt: fundo la nyasi na mtoto aitwaye Khartoum

Godfrey Lienhardt, aliyefanya utafiti wake kwa Wadinka kati ya mwaka 1947 na 1950, alikaribia zaidi jambo tunalolitafuta. Neno Nhialic, ambalo kwa asili linaashiria kuwa juu, hakulitafsiri kwa jina la kawaida la Mungu wa Wakristo. Alitumia neno pana zaidi linaloweza kubeba umoja na wingi kwa pamoja, ili Deng wa mvua, Abuk wa bustani na wanawake, Garang, Macardit mwenye madhara, na miungu ya koo wapate nafasi yao bila kuamuliwa mapema kuwa ni wamoja au ni wengi.

Mifano yake miwili inastahili kusomwa tena. Wa kwanza ni wa msafiri anayechelewa, ambaye hufunga fundo katika nyasi za njiani ili chakula cha jioni kisiwe tayari kabla hajafika. Lienhardt anasisitiza kwamba msafiri huyo hadhani kuwa fundo limemmalizia kazi. Akishafunga, huongeza mwendo. Wa pili ni wa mwanamume aliyewahi kufungwa gerezani Khartoum, naye baadaye akampa mtoto wake jina la Khartoum. Mji ule ulikuwa umemtenda jambo, nguvu yake ilikuwa ingali ndani ya maisha yake, na kuutaja kwa jina la mtoto ilikuwa njia ya kuutambua na kuuepusha.

Mfano wa kwanza una funzo kubwa kwa washauri wa sera. Mara nyingi ripoti za afya na kilimo huichukulia ibada ya jadi kama badala ya juhudi: watu wanatambika, kwa hiyo hawaendi zahanati, wanaita mvua, kwa hiyo hawachimbi visima. Msafiri wa Lienhardt anakanusha fikra hiyo. Fundo na hatua za haraka ni sehemu mbili za nia moja. Mama anayetaja jina la mungu wa ukoo wa baba yake huku akimfunga mtoto mgongoni kwenda kwa daktari hafanyi mambo mawili yanayopingana.

Mfano wa pili una funzo kwa wahakiki. Lienhardt anauelezea kama dalili ya namna Wadinka wanavyoyaona mambo ya moyoni kuwa yanatoka nje na kumjia mtu. Maelezo haya yana mashiko, lakini yanaishia kwenye saikolojia. Kumpa mtoto jina ni tendo linaloendelea kila siku jina hilo linapoitwa. Aliyempa mtoto wake jina la Khartoum amekubali kuishi na mji ule, kuuita, kuukemea na kuulisha, kwa miaka yote ambayo mtoto atakuwa nyumbani. Hapo tunaona maisha ya pamoja na nguvu fulani, yenye urefu wa muda, na hilo halitoshi kuitwa ishara.

Mpangilio wa kitabu unaonyesha mahali ambapo jicho la Lienhardt lilivutwa. Sehemu yake ya pili inapanda kuelekea kwa mabwana wa mkuki wa uvuvi, visasili vya Aiwel Longar, na hatimaye kiongozi anayezikwa angali hai. Ni kurasa zenye nguvu ambazo msomaji hazisahau. Lakini fundo la nyasi linabaki kuwa mfano wa kuandaa njia kwa yale makubwa. Ng'ombe amelifunika tango tena.

4. Okot p'Bitek: mshairi anayemtangulia msomi

Okot p'Bitek, aliyesoma Oxford, alikuja na hasira yenye sababu. Katika kitabu chake cha 1970 anasimulia jinsi wamisionari Wakatoliki wa Kiitalia mwaka 1911 walivyowauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na neno la kuumba kwa maana hiyo, basi swali likageuzwa kuwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee walijibu Rubanga, maana walimjua Rubanga kuwa ndiye huvunja migongo ya watu na kuifanya kuwa na kibyongo. Jina hilo likachukuliwa kuwa la Mungu Muumba. Waacholi wanaishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Sudani Kusini, kwa hiyo kisa hiki si cha jirani.

Okot anawashutumu pia wasomi Waafrika waliowavisha miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki na ya Kikristo ili iheshimiwe. Shutuma hiyo bado ina uzito. Kila tunaposema kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla ya wamisionari, tunakuwa tumekubali kwamba dini haina thamani mpaka ifanane na ya aliyekuja.

Lakini Okot msomi ananaswa na mtego ule ule alioutegua. Anapokanusha kwamba Waluo wa kati walikuwa na Mungu Mkuu, anabaki ndani ya swali la idadi na sifa: mmoja au wengi, muumba au si muumba. Hilo ni swali la mahakama ya theolojia, hata kama hukumu imegeuzwa.

Okot mshairi ndiye anayetoka nje ya mtego. Song of Lawino (1966), ambayo wasomaji wa Kiswahili wameipata katika tafsiri ya Paul Sozigwa, Wimbo wa Lawino (1975), inatuingiza ndani ya nyumba. Lawino hatetei fundisho. Anazungumza kama mke, kama binti wa ukoo, kama mtu anayejua kwamba mume wake Ocol amewakosea waliomzaa na anapaswa kurudi kwenye kihekalu cha ukoo kuomba radhi. Ugonjwa wa Ocol katika utenzi huo ni wa uhusiano uliokatika, na tiba yake ni kusuluhishwa. Hapo mizimu ya ukoo ni wanafamilia wenye haki ya kukasirika na wenye uwezo wa kusamehe. Sauti ya mwanamke nyumbani imesema kile ambacho juzuu tatu za kitaaluma zilikikaribia na kukipita.

Kwa mhakiki wa fasihi, hili ni jambo la mbinu. Ushairi wa nafsineni humlazimisha mwandishi kuamua nani anasema na nani anaambiwa. Maelezo ya kitaaluma humruhusu kuandika kwamba watu fulani huamini hivi na hivi, bila msemaji wala msikilizaji. Ibada ya kila siku ni usemi wenye msikilizaji. Ukimwondoa msikilizaji, kinachobaki ni orodha ya imani.

5. Kiswahili na msamiati wa hukumu

Sudani Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, na kwa hiyo Kiswahili kinaingia Juba kikiwa lugha ya jumuiya. Yatupasa kuuliza kinaingia na maneno gani.

Mji tayari una msamiati wake wa hukumu. Katika Kiarabu cha Sudani, neno kujur limetumika tangu enzi za ukoloni kumtaja nabii, mwaguzi, mleta mvua na mlozi bila kubagua. Mwaka 1932, C. G. na B. Z. Seligman walichapisha kitabu kikubwa kuhusu makabila ya Waniloti na jamii jirani, na katika jina la kitabu hicho watu wote hao waliitwa wapagani. Neno hilo, lenye asili ya Kilatini, liliwekwa juu ya Wabari, wenyeji wa mahali ilipo Juba, na juu ya wenzao wa mbali, kwa sababu moja tu: hawakuwa Waislamu wala Wakristo. Liliwaeleza kwa kile wasichokuwa.

Inafaa kukumbuka kwamba huko Ulaya na Marekani neno hilo hilo limepata maisha mengine. Nchini Iceland, jumuiya inayoabudu miungu ya kale ya Kinodiki ilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Watu wanaojiita wapagani kwa hiari hujenga madhabahu ndogo nyumbani, humimina kinywaji, humchagua mungu au mungu wa kike wa kumtumikia, na husema waziwazi kwamba wana uhusiano wa binafsi naye. Wasomi huandika juu yao kwa heshima kama harakati ya kidini ya kisasa. Anayemimina maji kwa Abuk pembezoni mwa Juba huandikwa kama mabaki ya zamani. Matendo yanafanana. Kinachotofautiana ni nani anaruhusiwa kuwa mtu wa leo.

Kiswahili chetu hakina mikono safi katika jambo hili. Magazeti yanapoandika "imani za kishirikina", msomaji hupelekwa moja kwa moja kwenye uchawi na mauaji. Fasihi nayo imechangia. Katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla (1960), riwaya iliyofungua njia ya upelelezi katika Kiswahili, mzimu ni mahali inapokutwa maiti, na kazi ya Bwana Msa ni kuondoa pazia la hofu ili akili ione. Ni riwaya njema, na haikosei kuonyesha kwamba wahalifu wanaweza kujificha nyuma ya heshima ya watu kwa mahali patakatifu. Lakini imetuzoesha kuutazama mzimu kama fumbo linalosubiri kufumbuliwa. Wale waliokuwa wakipeleka ubani hapo, kwa shukrani au kwa haja, hawana sauti katika mazoea hayo.

Hata hivyo, lugha yenyewe inatupa njia ya kutokea. Ushirikina na ushirika ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kushiriki na kuwa pamoja. Neno la kwanza tumelifanya kuwa la aibu, la pili tumelipeleka kanisani na katika vyama vya wakulima. Kinacholaaniwa katika neno la kwanza ndicho kinachosifiwa katika la pili: kuwa na mwenza. Hatupendekezi kulisafisha neno ushirikina, maana historia yake katika tauhidi ya Kiislamu ni halali na inaeleweka. Tunachopendekeza ni kwamba mtafiti atambue kuwa anapolitumia tayari ameketi upande mmoja wa ugomvi.

Maneno yanayofaa yapo: kutambika, kuomba radhi, kuweka nadhiri, kutoa shukrani, kukumbuka waliotangulia. Hata kitenzi kuamini, kikisomwa pamoja na amana na uaminifu, kinakaribia ngath kuliko kinavyokaribia maana ya kukubali fundisho. Mswahili husema "namwamini fulani" akimaanisha kuwa anaweza kumwachia mali yake. Mtafsiri anayelikumbuka hilo tayari amefika nusu ya njia.

6. Juba: majina, fomu na ng'ombe wasiokuwapo

Mtu anayeingia katika ofisi yoyote ya Juba hukutana na miungu kabla hajakutana na afisa. Deng, Garang, Abuk, Nyakuoth, yaani binti wa Kwoth, ni majina yaliyobandikwa milangoni na kwenye vitambulisho. Jina la kiongozi aliyeasisi vuguvugu la ukombozi mwaka 1983, John Garang de Mabior, limekusanya mtume wa Injili, mtu wa kwanza katika visasili vya Wadinka, na rangi ya ng'ombe mweupe. Mwenye jina kama hilo anapojaza fomu, huandika "Mkristo" katika nafasi ya dini, na husema kweli. Fomu haina nafasi ya kweli iliyomo katika jina lake.

Sheria ya nchi inatoa mlango. Katiba ya Mpito ya 2011, ibara ya 8, inatenganisha dini na dola na kutaka dini zote zitendewe sawa. Lakini ibara ya 23, inayoorodhesha haki za dini, inataja mahali pa kuabudia, taasisi za hisani, machapisho, mafunzo ya viongozi, michango ya fedha na siku za mapumziko. Ni orodha ya dini yenye jengo, kitabu na ofisi. Kipengele kimoja tu, kinachogusa vifaa vya ibada na desturi, kinaweza kuifikia chembe ya tumbaku au fundo la nyasi. Washauri wa sheria wangefanya vyema kukianzia hapo.

Sera za amani nazo zimemwona ng'ombe. Katika mkutano wa Wunlit mwaka 1999, ulioandaliwa kwa msaada wa Baraza la Makanisa la New Sudan, Wadinka na Wanuer walichinja ng'ombe mweupe, na kafara hiyo imetajwa katika maandishi mengi kama mfano wa amani ya jadi. Mwaka 2009, fimbo ya nabii Ngundeng Bong, aliyefariki mwaka 1906, ilirejeshwa Juba kutoka Uingereza, na siasa ikaipokea kwa shangwe. Matukio haya ni makubwa kweli. Lakini amani iliyoapiwa juu ya ng'ombe mweupe hutunzwa au huharibiwa katika nyumba, pale mjane anapoamua kama atalitaja jina la aliyemuua mumewe katika maombi ya jioni, na kwa nia gani. Huko hakuna kamera wala posho ya kikao.

Zaidi ya hayo, Juba imejaa watu ambao ng'ombe wao hawapo. Waliokimbilia vituo vya kulinda raia vya Umoja wa Mataifa kuanzia Desemba 2013 waliingia na walichoweza kubeba. Sharon Hutchinson alikwisha kuonyesha katika Nuer Dilemmas (1996) jinsi fedha na vita vilivyobadilisha maana ya ng'ombe, hata Wanuer wakatofautisha ng'ombe waliopatikana kwa mahari na wale waliopatikana kwa fedha. Kwa mtu wa namna hii, mantiki ya tango si jambo la pembeni. Ndiyo inayosema kwamba aliyepoteza kila kitu bado anaweza kutoa, kwamba kilicho kidogo kinaweza kupokelewa kwa jina la kikubwa, na kwamba deni linatambuliwa hata lisipolipwa leo. Mshauri wa masuala ya afya ya akili anayefika kambini na maswali kuhusu imani peke yake atapata jibu fupi: mimi ni Mkristo. Akiuliza nani anakumbukwa nyumbani, na kwa njia gani sasa ambapo mifugo haipo, mazungumzo yataanza.

Kuna pingamizi zito ambalo hatuna budi kulijibu. Wengi wa watu hawa waliiacha miungu ya koo kwa hiari. Marc Nikkel ameeleza jinsi Wadinka wa Bor, katika vita vya miaka ya 1980 na 1990, walivyoingia Ukristo kwa wingi na kuchoma vifaa vya jak zao. Je, kuandika kwa heshima juu ya miungu hiyo si kuwarudisha watu mahali walipokwisha kutoka? Je, hatusahau hofu, gharama za kafara, na waaguzi waliowanyonya wagonjwa?

Hatusahau. Lakini tazama namna walivyoiacha. Walisema kwamba jak zimeshindwa kuwalinda, zimekula bila kutenda, na kwa hiyo hazistahili tena kulishwa. Huo ni usemi wa mtu anayevunja ndoa au kumfukuza mlinzi asiyelinda. Anayebadilisha rai hahitaji moto. Rai huachwa kimya kimya. Kitendo cha kuchoma chenyewe kinathibitisha kwamba kilichokuwapo kilikuwa uhusiano, wenye haki na wajibu wa pande mbili. Na sala nyingi za Kikristo za Juba, zinazomwita Mungu kwa majina ya Nhialic, Kuoth au Ngun wa Wabari, zimerithi adabu ya mazungumzo yale ya zamani. Anayeisoma ibada kama uhusiano anaweza kumheshimu aliyebaki na aliyeondoka kwa kipimo kimoja. Anayeisoma kama imani hulazimika kumhesabu mmoja wao kuwa amekosea.

7. Hitimisho na mapendekezo

Vitabu vitatu tulivyovihakiki vitaendelea kuwa msingi wa masomo ya dini Sudani Kusini, na inastahili viwe hivyo. Udhaifu wao haumo katika ushahidi waliotuletea. Umo katika swali waliloliweka juu ya ushahidi huo. Tukibadilisha swali, kurasa zile zile zinatoa elimu mpya.

Kutokana na hayo, tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, tafiti zinazofanywa Juba kuhusu amani, afya na wakimbizi wa ndani ziache kuridhika na swali la dini ya mhojiwa, na ziongeze maswali ya matendo: nani hukumbukwa, lini, kwa kitu gani, na kitu hicho kikikosekana hufanywa nini. Pili, wanaoandaa istilahi na vitabu vya Kiswahili kwa ajili ya Sudani Kusini wayaepuke maneno upagani na ushirikina kama maneno ya maelezo, na watumie majina ambayo wenye ibada wenyewe huyatumia, yaani yath, jak, kwoth, Ngun, pamoja na maelezo mafupi. Ibara ya 6 ya Katiba, inayozitambua lugha zote za wenyeji kuwa lugha za taifa, inaunga mkono jambo hili. Tatu, idara za fasihi zimsome Okot mshairi bega kwa bega na Okot msomi, na ziwazoeze wanafunzi kuuliza kila mara nani anasema na nani anaambiwa.

Wanuer waliposema tango ni ng'ombe, hawakuwa wakiwafundisha wageni mantiki. Walikuwa wakimwambia Kwoth kwamba walichonacho leo ni hiki. Mtafiti anayetaka kuyaelewa maneno hayo aanze kwa kukumbuka kwamba hakuwa yeye aliyekuwa akiambiwa.